Kaye Inayokamata Wino

Mu masomo kadhaa ya mji wetu, yale yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji, kunabaki bado meza za mbao zenye tundu la mviringo upande wa kuume. Kila mwaka, masomo yakianza, mwanafunzi mmoja hakosi kuniuliza: «Mwalimu, hii tundu ku meza ni ya nini?» Wengine wanatupa mule maganda ya karanga, wengine wanasimamisha mule Bic. Ninajibuka: «Mule njo mulikuwa chupa ya wino.» Wanacheka. Kwao kuandika ni kutoa Bic mu mfuko, basi. Kuchovya kalamu, kungoja wino ukauke, kuchagua karatasi, hayo yote ni hadithi za wababu.

Tukisema «desturi zetu», mara moja tunafikiri ngoma, mali ya ndoa, majina ya wababu, matambiko. Tunasemaka pia kwamba desturi yetu ni ya kinywa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mu Lubumbashi kuna desturi ingine yenye umri wa miaka zaidi ya 100, nayo ni desturi ya kaye. Mji huu umejengwa na watu waliotoka mbali, Kasai, Luapula, Kivu, Rwanda, Rhodesia, Angola, na hawakuwa pamoja na wazee wao wa kuwakumbusha mambo. Kaye njo ilifanya kazi ya mzee. Kwa hiyo, kuchagua kaye nzuri ya kuandikia na stilo ya wino si jambo la mapambo ao la watu wenye feza mingi. Ni kuchagua kama mjukuu ataweza kusoma ao hapana. Hayo njo nataka kuonyesha, kwanza kwa historia, kisha kwa mashauri.

1. Namna wino ulitufikia

Kiswahili chetu kilikuja mu Katanga pamoja na misafara ya biashara mu karne ya 19, na ku pwani kule kilikotoka, watu walikuwa wanaandika tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Walitumia kalamu ya tete, na wino mweusi wenye kufanywa na masizi. Mfano unaojulikana sana ni Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake moja ina tarehe ya mwaka 1728. Karibu miaka 300 imepita, na bado inasomeka. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia: wino wa masizi juu ya karatasi imara unaweza kushinda maisha ya watu kumi.

Hapa kwetu, wazee walijua mapema kwamba karatasi iko na nguvu. Mwaka 1890, Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri na karatasi ya mapatano mu mkono. Alitaka Msiri akubali kuwa chini ya Uingereza. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata msafara wa Kapiteni Stairs ulifika kwa ajili ya mfalme Leopold II, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa. Hakuwa mtu wa kudharau karatasi. Aliogopa kutia alama yake chini ya maneno asiyoyataka.

Kisha mji ukaanza. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906, na Elisabethville ikazaliwa mu 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Wabenedikto walifika Katanga mu 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye alikuwa askofu nyuma. Wasalesiani walifika mu 1911. Kuanzia miaka ya 1920, masomo ya watoto mu makambi ya Union Minière yalikuwa mu mikono ya Wabenedikto. Mule mtoto alifundishwa kushika kalamu ya mti yenye ncha ya chuma, kuichovya, kuipangusa ku mdomo wa chupa, na kuandika: ukipanda, mkono mwepesi, ukishuka, mkono mzito. Karatasi ya buvari ilikuwa pembeni ya kunywa wino uliozidi. Tone moja likianguka mu kaye, kiboko hakikuwa mbali.

Mtoto yule akikua na kupata kazi ya ukarani, ku reli, ku mine, ku ofisi ya serikali, alinunua stilo ya wino. Hii ni kalamu yenye kubeba wino wake ndani, chombo ambacho Mmarekani Lewis Waterman alipata hati yake mu 1884. Stilo mu mfuko wa shati ilisema bila kufungua kinywa: mtu huyu anajua kusoma, anaweza kukuandikia barua. Na watu walikuja kweli. Jioni, ku mlango wa karani, mama mmoja alileta habari za kupeleka mu mugini, baba mwingine alileta barua ya kusomewa.

Lakini stilo ya wino iko na tabia yake: haikubali karatasi ya ovyo. Wino wake ni maji yenye rangi. Ukiandika juu ya karatasi mbaya, maji yanakimbia kila upande. Kwa hiyo bakarani wale walijua kaye kama fundi anavyojua mbao. Mbele ya kununua, waliifungua, waliipapasa, waliijaribu. Ujuzi ule hakuna aliyeuita elimu, lakini ilikuwa elimu.

2. Makaye matatu ya kila jamaa

Mu mji wetu, mu jamaa nyingi, utakuta makaye matatu, hata kama watu hawajui kuyaita desturi.

Ya kwanza ni kaye ya mali. Siku ya ndoa, jamaa mbili zinakaa uso kwa uso, na kila upande uko na mtu wa kuandika. Feza ngapi, mbuzi ngapi, kikwembe cha mama, suti ya baba, shoka, taa, chumvi, kila kitu kinaandikwa. Kilichotolewa kinatiwa alama, kilichobaki kinaandikwa deni. Mashahidi wanatia sahihi.

Ya pili ni kaye ya kilio. Mtu akikufa, meza ndogo inawekwa ku kiingilio, na kijana mwenye mwandiko mzuri anaandika jina la kila mtu aliyekuja na mchango wake. Si kwa kuhesabu tu feza za leo. Ni kwa sababu kesho kilio kikiwa kwa yule, sisi pia tutakwenda. Kaye ya kilio njo inatuonyesha nani alitulilia.

Ya tatu ni kaye ya likelemba. Bamama wanaotoa feza kila juma ao kila mwezi, kila mmoja akipokea kwa zamu, hawawezi kwenda mbele bila kaye. Jina likipotea, urafiki unapotea.

Angalia vizuri: mali, kilio, likelemba. Ndoa, kifo, feza. Ni mambo matatu ambayo watu wanagombana sana juu yake. Wazee wetu hawakuandika kwa kufurahisha macho. Waliandika kwa kuzuia vita.

3. Walioandika historia ya mji wenyewe

Kuna pia wale walioandika si juu ya jamaa zao tu, lakini juu ya mji wote. Nitataja wawili.

Mu mwaka 1965, André Yav, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba za Wazungu, alitunga kwa jina la wenzake, bale tulikuwa tunaita baboyi, historia ya mji. Aliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, lakini maneno ya ndani ni Kiswahili chetu cha hapa, vile watu wanavyokisema. Mule muna habari za mwanzo wa mji, mabwana wa kwanza, mishahara, vita, majina ambayo watu waliwapa Wazungu. Ilipigwa ku mashine na kutolewa nakala chache. Mwanachuoni Johannes Fabian, aliyefundisha ku chuo kikuu chetu mu miaka ya 1970, aliitoa mu kitabu mu 1990. Kama nakala ile haingefika mu mikono ya mtu wa kuitunza, leo tusingejua kwamba baboyi waliandika.

Wa pili ni Tshibumba Kanda Matulu, mpaka rangi wa kwetu, aliyezaliwa mu 1947. Picha zake za historia ya Zaire, zaidi ya 100, zilizopakwa mu 1973 na 1974, zinatunzwa Amsterdam. Watu wachache wanajua kwamba mu 1980 aliandika pia historia ya nchi kwa mkono wake, kwa Kifaransa, kurasa zaidi ya 70. Aliituma kwa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyekuwa amefundisha hapa mbele ya kuhamia Kanada. Nyuma ya mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna tena habari ya Tshibumba mwenyewe. Mwandiko wake ulibaki.

Hapa njo niko na uchungu kidogo. Maandiko haya mawili yalipona kwa sababu yalitoka. Yale yaliyobaki ndani ya nyumba zetu, mu Kenya, Kamalondo, Katuba, Ruashi, yako wapi? Mengine yalichomwa ao yalipotea wakati wa uporaji wa 1991. Mengine yaliachwa mu 1992 na 1993, wakati majirani wetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa na kupanda treni na vitu vichache tu mu mkono. Mengine yaliliwa na mchwa. Na mengine, nayo ni ile hasara ambayo tungeweza kuizuia, yalikufa yenyewe: karatasi ilikuwa mbaya, wino ulikuwa wa kukimbia, na siku mtu alipofungua kaye alikuta mawingu ya buluu.

4. Bic ilibadilisha nini

Mu Desemba 1950, Marcel Bich alianza kuuza Bic mu Ufaransa. Wino wa Bic si maji, ni kama mafuta mazito, na kidonge kidogo cha chuma ku ncha kinaupaka juu ya karatasi. Haukimbii, hauvuji sana, haudai karatasi nzuri. Ni kalamu ya bei ndogo, na imewasaidia maskini wa dunia nzima kuandika. Mimi siitukani. Hata Ufaransa, ambako waalimu waliikataa muda mrefu, serikali iliiruhusu mu masomo mu 1965.

Lakini kila kitu chepesi kiko na deni yake. Watu wote wakiandika na Bic, hakuna tena mnunuzi anayemuuliza mchuuzi: «Hii karatasi inakamata wino?» Kaye zikawa nyepesi, za rangi ya majivu, zenye kunywa maji kama sponji. Kwa Bic zinafaa. Ukileta stilo ya wino, zinakuaibisha. Na siku hizi stilo za wino zinarudi. Vijana wanazipata kwa bei ndogo, zinapita Kasumbalesa pamoja na vitu vingine kutoka Uchina. Wanazipenda, wananunua chupa ya wino, halafu wanaandika mu kaye ya kwanza wanayoikuta. Kosa lile lile tata yangu alilifanya, naye alikuwa karani.

5. Makaye mawili ya tata

Nisimulie, kwa sababu bila hii singejua kwa nini jambo hili ni zito.

Tata alikuwa na stilo moja maisha yake yote. Wakati alipokuwa kijana na mshahara unafika, alinunua mu mji kaye kubwa yenye gamba gumu, iliyoshonwa na uzi, karatasi nene na laini. Mule aliandika kuzaliwa kwetu sisi wote, na mali ya dada yetu mkubwa, aliyeolewa mu 1979. Nyuma, mishahara ilipokosekana, kaye ile ikajaa. Dada wa pili aliolewa mu 1996. Tata alichukua kaye ya masomo ya mdogo wangu, ile ya bei ndogo kabisa, akaandika mali mule na stilo ile ile na wino wa buluu wa kufutika, ule wa wanafunzi.

Mu 2011 dada yule wa pili alikufa. Munajua desturi. Jamaa ya mwanamke inauliza mbele ya mazishi: mali ilimalizika? Ndugu wa tata wakasema: «Haikuisha! Kulibakia mbuzi.» Bakwe wetu wakakataa: «Shiye tulimalizaka yote, mulete kaye.» Tukaleta. Mvua ilikuwa imepita mu paa miaka mbele, na kaye ilikuwa imelowa. Lakini hata pale maji hayakufika, wino ulikuwa umetawanyika na kupita upande wa pili, maneno ya mbele na ya nyuma yamechanganyika. Tarakimu ya mbuzi, wengine waliona 3, wengine waliona 8. Karatasi ya bakwe wetu nayo ilikuwa imepotea wakati wa kuhama.

Dada yetu alilala mu morgue siku mbili zaidi, juu ya tarakimu moja.

Ku mwisho, mzee mmoja wa upande wetu alisimama, akasema: «Karatasi imekufa, na mutoto amekufa. Tuzike mutoto.» Watu wakanyamaza, wakakubali. Jioni ile nilifungua kaye ya kwanza, ile ya 1979. Kila neno lilikuwa mahali pake. Mkono ule ule, stilo ile ile. Tofauti ilikuwa karatasi.

6. Kwa nini karatasi moja inakamata na ingine inamwaga

Karatasi ni nyuzi ndogo sana za mti zilizolaliana. Katikati ya nyuzi kuna nafasi, na maji yanapenda kukimbia mu nafasi zile, sawa vile mafuta ya taa yanavyopanda mu utambi. Kwa kuzuia, kiwanda kinatia dawa kama gundi ndani ao juu ya karatasi. Gundi ikitosha, wino unakaa juu, unakauka polepole, na mstari unabaki safi. Gundi ikikosekana, wino unafanya mambo mawili mabaya: unaota vinywele pembeni ya herufi, na unapita upande wa pili.

Kuna adui mwingine asiyeonekana haraka. Kuanzia karne ya 19, karatasi nyingi zilitiwa gundi pamoja na shabu, na hiyo inaleta asidi. Karatasi ya bei ndogo inabakisha pia ndani yake vitu vya mti vyenye kugeuka manjano ku mwangaza, kama gazeti lililosahauliwa ku dirisha. Miaka 30 ikipita, inavunjika mu vidole. Karatasi isiyokuwa na asidi inaishi muda mrefu zaidi.

Wino nao uko na ukoo wake. Wino wa buluu wa kufutika ni wa wanafunzi: ni mzuri kwa kazi za darasa, lakini maji na jua vinaumaliza. Wino wa chuma, ule wa kizamani wa maofisi, unaandika mwepesi halafu unakuwa mweusi kwa hewa. Haukimbii na maji, lakini ule wa zamani wenye asidi mingi umetoboa makaratasi mengi ya Ulaya. Wino wenye chembe nyeusi ndani, ndugu wa masizi ya pwani, njo unabaki sana, lakini ukiuacha ukauke mu stilo, unaifunga. Osha stilo mara kwa mara kwa maji ya baridi.

7. Namna ya kuchagua

Ukienda sokoni, Kenya ao mu mji, usiende mikono mitupu. Beba stilo yako mwenyewe, yenye wino wako mwenyewe, kwa sababu karatasi inayokubali stilo nyembamba inaweza kukataa stilo nene. Halafu fanya hivi.

Kwanza, papasa. Karatasi nzuri ni laini bila kuteleza kama plastiki. Ukiisikia kama vumbi ku vidole, wachana nayo.

Pili, angalia uzito. Ku gamba la kaye nyingi wanaandika gramu kwa metre mraba. Kaye za bei ndogo mara nyingi ziko chini ya 60. Kwa stilo ya wino, tafuta 80 ao 90. Kaye za Clairefontaine, zinazofanywa mu Ufaransa na nyumba iliyoanza mu 1858, ziko na gramu 90, na watu wa stilo wanazipenda mu dunia nzima. Lakini uzito si kila kitu. Kuna karatasi ya Japani, Tomoe River, yenye gramu 52 tu, na inakamata wino vizuri kabisa, kwa sababu imetengenezwa kwa uangalifu. Na kuna karatasi nene zenye kunywa kama nchi kavu. Kwa hiyo usiamini tarakimu peke yake.

Tatu, jaribu. Omba mchuuzi ruhusa ya kuandika ku ukurasa wa mwisho. Akikataa, nunua moja tu, jaribu ku nyumba, mbele ya kununua kumi. Andika tarakimu 3 na 8, herufi e na a, ndogo ndogo. Vuta mstari pole, halafu simamisha ncha mahali pamoja mpaka uhesabu tano. Angalia: matundu ya 8 na e yamebaki wazi? Pembeni kuna vinywele? Geuza ukurasa: alama imepita? Kivuli kidogo si kitu, lakini tone likipita, utapoteza upande wa pili wote.

Ine, angalia mishono. Fungua kaye katikati. Ukiona uzi, vizuri. Ukiona chuma, kumbuka kwamba chuma kinaota kutu wakati wa mvua. Ukiona gundi tu, ujue kwamba mu joto la mwezi wa kumi gundi inakauka na kurasa zinaanguka moja moja.

Tano, angalia mistari. Kaye za masomo mara nyingi ziko na mistari ya Seyès, jina la muuza vitabu Mfaransa aliyeileta mu 1892: miraba ya milimetre 8, yenye mistari midogo kila milimetre 2. Inasaidia mtoto kupima urefu wa herufi. Kwa kaye ya jamaa, mistari mipana ya kawaida inatosha, na orodha ya mali inasomeka vizuri zaidi.

Na kama feza haitoshi kwa kaye ya kutoka Ulaya? Usikate tamaa. Tafuta karatasi ya fotokopi ya gramu 80, jaribu aina mbili tatu kwa karatasi moja moja, kwa sababu zinapitana sana. Ile inayokamata wino, nunua, kisha mpelekee fundi wa kushona vitabu aifunge na gamba gumu. Utapata kaye ya jamaa yenye nguvu kuliko nyingi za dukani. Na kama hata hiyo haiwezekani, basi andika na Bic nyeusi mu kaye yoyote. Afazali Bic inayosomeka kuliko stilo ya kizungu mu karatasi ya kunywa.

8. Kuitunza

Kaye nzuri bila matunzo ni mtoto bila malezi. Adui wetu ni watatu: mvua ya kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa ine, vumbi jekundu la kipwa, na mchwa wa siku zote. Weka kaye mu sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta. Usiifunge mu plastiki ikiwa na unyevu, itaota kuvu. Wakati wa kipwa, ifungue siku moja kivulini ipate hewa, si ku jua.

Andika namba ku kila ukurasa, ili mtu asing'oe bila kujulikana. Andika tarehe kamili, na tarakimu za mali uziandike pia kwa maneno: «mbuzi 3, ndiyo kusema tatu». Tata angeandika vile, tusingegombana. Leo tuko na simu, tupige picha za kila ukurasa na kuzituma kwa watu wawili wa jamaa. Lakini simu zinaibwa na zinakufa, kwa hiyo picha ni shahidi wa pili, si wa kwanza. Na kila upande wa ndoa ubakie na kaye yake, sawa vile wazee walivyofanya.

Tangu mwaka 2000, watu wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu, wamekusanya sauti na vitu vya wakaaji wa mji huu. Ni kazi kubwa, lakini hawawezi kuingia mu kila nyumba. Mu nyumba yako, mwanahistoria ni wewe.

Ku darasa langu ninafanya hivi sasa. Ninatia chupa ya wino mu lile tundu la meza, na chupa inaingia sawasawa. Ninapatia kila mwanafunzi makaratasi mawili, moja ya kaye ya bei ndogo, moja iliyo nzuri, na stilo tunapokezana. Ninawaambia waandike jina la babu ao nyanya, mugini alikotoka, na mwaka alipofika mu mji. Kisha tunageuza makaratasi, tunatazama. Sina lazima ya kueleza mingi.

Wengi hawajui mwaka. Wengine hawajui mugini. Nawaambia waulize jioni, waandike kesho. Mara ya mwisho msichana mmoja alikuja asubuhi na habari yote mu kichwa, akaomba aandike ku karatasi nzuri tu, ile mbaya abakie nayo mtu mwingine. Aliandika polepole, akangoja wino ukauke, akakunja karatasi mara moja tu, akaitia katikati ya kitabu ili isivunjike, akarudi nayo kwao.